Mafuriko yakija Kano tunahesabu ng'ombe, nani anahesabu mimba?

Mhariri,

Naandika kutoka Kano, upande huu wa Ahero, kaunti ya Kisumu. Habari za mafuriko huwa nazisoma kwa gazeti lako kila msimu na kusema kweli mnajaribu, mnafika, mnapiga picha, mnaongea na chifu na wazee. Lakini kuna kitu kimenisumbua muda mrefu nikasema wacha leo niandike. Kila maji yakishuka hapa kwetu wanakuja watu na karatasi za kuhesabu. Wanahesabu ekari za mpunga zilizoenda, ng'ombe, mbuzi, nyumba zilizoanguka, vyoo vilivyozama, madarasa. Hiyo yote ni sawa, mtu akipoteza ng'ombe amepoteza karo ya mtoto na hakuna mtu anaweza kubisha. Lakini mimi sijawahi kuona karatasi yenye inauliza ni wanawake wangapi walikosa sindano ya kupanga uzazi juu barabara ilikuwa maji, ni wangapi walijifungulia kwa darasa ya shule, ni wasichana wangapi walirudi nyumbani kutoka kwa kambi wakiwa na mimba. Hao hakuna anayewaandika. Na siku unaenda kuomba pesa ya kuwasaidia unaulizwa, ni wangapi? Unabaki unaangalia sakafu.

Mimi ni mhudumu wa afya mashinani, ni wale tulipewa begi na simu 2023 rais Ruto alipozindua mpango wa wahudumu 100,000 nchi nzima, ingawa wamama wakubwa hapa bado wananiita nyamrerwa tu, yaani mkunga wa kijiji, na mimi hilo jina nalipenda. Nina nyumba kama mia moja za kutembelea. Kando ya hiyo kazi nilikuwa nimeandikwa na utafiti mmoja, jina lake sitataja kwa sababu shida yangu haiko na waliouleta, ulikuwa unafuatilia wamama na wasichana wa sehemu zenye maji huingia. Tulikuwa tunawatembelea kila baada ya miezi mitatu na maswali yaleyale: umehama mara ngapi, unatumia njia gani ya kupanga uzazi, mara ya mwisho ulienda kliniki lini, kuna mtu amekulazimisha kufanya jambo hukutaka, chakula kilikutosha. Maswali mazito. Si maswali ya kuuliza mtu amesimama kwa mlango. Unakaa, unanywa chai, unangoja mume aende kuangalia ng'ombe, ndio mama aanze kukuambia. Kuna mmoja ilinichukua mpaka ziara ya pili ndio afungue mdomo, na alipofungua alilia mpaka mtoto wake akaingia kuuliza kuna nini.

Halafu ikafika Januari 2025. Rais Donald Trump wa Marekani aliapishwa tarehe 20 na siku hiyohiyo akaweka sahihi ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90, na kufika tarehe 1 Julai mwaka huo USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ilikuwa imefungwa. Mengi mmeandika kuhusu dawa za ARV za watu wenye HIV na kazi za watu na mlifanya vizuri kuandika. Sisi wadogo wa kukusanya data tulipata meseji kwa WhatsApp jioni moja kwamba kesho kila mtu arudishe tableti. Basi. Tulikuwa tumefanya ziara mbili, ya tatu ilikuwa ije baada ya mvua ndefu, na hiyo ya tatu ndiyo ingeonyesha nini hubadilika kwa mwanamke kabla maji yaje na baada ya maji kwenda. Bila hiyo zile mbili za kwanza ni kama nusu ya mkeka, huwezi kulalia.

Chenye kinaniuma zaidi si ile marupurupu, ingawa nayo ilikuwa inasaidia nyumba. Ni kwamba bado naishi hapa. Mkubwa wa utafiti alirudi alikotoka, gari ikaenda, mimi naenda sokoni Ahero na nakutana na wale wamama. Wananiuliza, nyamrerwa, ulituuliza siri zetu zote, majibu yako wapi? Nawaambia pesa iliisha. Wananiangalia. Mmoja akaniambia sitajibu tena mtu yeyote maswali kama hayo, hata wewe, na najua hatajibu, na siwezi kumlaumu. Hiyo imani ilichukua miaka kujenga na haiko kwa bajeti ya mtu yeyote.

Sasa wacha nieleze kwa nini nasema mambo ya tabianchi na mambo ya uzazi ni kitu kimoja, kwa sababu najua kuna wasomaji watauliza mvua inahusiana aje na mimba.

Sisi hapa Kano tuko chini. Mvua inanyesha Nandi na Kericho huko juu, na huku kwetu hata tone halijaanguka, halafu usiku mto Nyando unakuja mpaka kitandani. Wazee watakuambia mafuriko hapa si mageni, ni kweli, lakini hao hao wazee watakuambia zamani walijua mwezi wake na sai hawajui. Mei 2020 ziwa Victoria lilipanda mpaka mita 13.42 kwa kipimo, likapita rekodi ya 1964 yenye nyanya zetu walikuwa wakihadithia. Halafu Machi mpaka Mei 2024 maji yakarudi kwa nchi nzima, karibu watu 300 wakafa, na wenzetu wa kaunti ya Nakuru hawatasahau ile alfajiri ya 29 Aprili pale Mai Mahiu. Dada yangu anaishi Naivasha, alikuwa amepanga mtaa wa Kihoto, ziwa lao la Naivasha limewafukuza huko pia. Kwa hivyo sisemi ya Kano peke yake.

Mwaka huo wa 2024 tulikaa kwa shule. Darasa moja familia nyingi, pazia ni leso. Sasa fikiria mama anatumia Depo, ile sindano ya miezi mitatu, na tarehe yake imefika. Dispensari iko upande ule mwingine wa maji. Boda boda haipiti, mtumbwi ni pesa, na hiyo pesa ni ya unga. Anasema nitaenda wiki ijayo. Kuchelewa wiki chache kunaweza kusameheka, lakini maji hayajui wiki chache. Na kile kitabu cha kliniki chenye tarehe zake zote kimeenda na maji, kwa hivyo hata akifika, kama nesi ni mgeni, wanaanza moja. Mume naye yuko hapo, hakuna kazi, hakuna shamba, usiku ni mrefu. Mwaka unaofuata nazunguka nyumba zangu nakuta watoto wenye umri mmoja, wengine mama zao waliniambia wazi hawakuwa wamepanga. Hao watoto tunawapenda, si hilo nasema. Nasema mama alikuwa amefanya uamuzi wake na maji yakamfanyia uamuzi mwingine.

Kuna ile ya ARV, mama ana mimba na anameza dawa kila siku ili mtoto azaliwe bila virusi, dawa zimezama na nyumba, na kwa darasa yenye watu hamsini anaona aibu kutoa chupa yenye inajulikana. Na kuna ile ngumu zaidi. Msichana akivamiwa usiku akienda choo, na vyoo vya kambi viko mbali na hakuna taa, ana saa 72 za kuanza dawa ya PEP ya kuzuia HIV, na tembe za P2 za kuzuia mimba nazo ni vivyo hivyo, mapema ndio vizuri. Saa 72 ni siku tatu. Sisi tulikaa na barabara imekatika zaidi ya siku tatu. Naomba msomaji asome hiyo tena polepole.

Halafu shuka ufuoni. Kila mtu wa ziwa anajua jaboya, mama anataka samaki wa kuuza na mvuvi anamwambia pesa si kitu, nipe mwili. Samaki wakipungua jaboya inaongezeka, hiyo haihitaji profesa kukuambia, na gugumaji likifunga ufuo ndio kabisa. Pale Nduru Beach wamama walisema hapana, 2011 wakaanza kupata mashua zao wenyewe ili wao ndio waajiri wavuvi, na ilifanya kazi, dunia nzima ikaandika juu yao. Ikaja 2020 maji yakameza kijiji. Nyumba zikaenda, watu wakahama, mama aliyekuwa na mashua akawa na hema. Mimi nikifikiria hiyo hadithi huwa sipati usingizi. Miaka tisa ya mwanamke kujisimamia, na hakuna mtu alikuwa amewekewa pesa ya kuuliza mapema, maji yakija hawa tutawalindaje wasirudi pale walitoka?

Na si mafuriko peke yake, ukame nao. Kuna utafiti ulichapishwa 2015, wachumi walichukua data ya watu zaidi ya 200,000 kutoka nchi 19 za Afrika wakalinganisha na mvua, wakapata kwamba mashambani penye HIV ni nyingi, kila ukame mmoja wa miaka ya karibuni uliongeza maambukizi kwa asilimia 11. Hiyo ni kwa sababu mavuno yakikosa, watu wanatafuta chakula kwa njia yenye wako nayo. Tulifundishwa hiyo kwa semina ya kwanza ya utafiti wetu na nakumbuka mama mmoja mwenzangu akasema kwa sauti, kwani walienda mpaka Ulaya kuandika hiyo, si wangetuuliza. Lakini mimi nilifurahi. Kwa sababu kitu chenye sisi tunajua kwa macho, mtu wa wizara hataki macho, anataka namba, na sasa namba iko.

Joto pia. Hapa Ahero wamama wanapandikiza mpunga wameinama, miguu kwa maji, jua kwa mgongo, wengine mimba ya miezi minane. 2020 wanasayansi walikusanya tafiti 70 kutoka nchi 27 wakaona kila nyuzi moja ya joto ikiongezeka, uwezekano wa mama kujifungua kabla ya wakati unapanda kwa karibu asilimia 5. Sasa hizo nchi 27, saba tu ndizo za kipato cha chini au cha kati. Ina maana tunaochomwa na jua zaidi ndio hatujaandikwa. Kuna kazi nzuri ilifanywa Gambia, ikachapishwa 2022, wamama wajawazito 92 tu, wakulima kama wa huku, wakafuatwa huko huko shambani wakipimwa joto la mwili na mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, ikaonekana mtoto anasumbuka joto likipanda. Tisini na mbili! Hiyo si pesa ya kujenga barabara. Na Kilifi wamefanya utafiti wa joto na wajawazito, nawapongeza, lakini joto la pwani na hili letu la ziwa lenye mbu na malaria juu yake si kitu kimoja.

Huku kwetu pia tumewahi kufanya. Utafiti wa Shamba Maisha uliofanywa na KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, pamoja na chuo kikuu kimoja cha California uliwapa watu wanaoishi na HIV hapa Nyanza mkopo, pampu ya maji na mafunzo ya kilimo, wasingoje mvua yenye haiaminiki. Matokeo yalipotoka 2022 chakula kiliongezeka nyumbani, ingawa virusi kwa damu havikushuka kuliko wale wengine. Napenda huo mfano kwa sababu walisema ukweli wote, chenye kilifanya kazi na chenye hakikufanya. Lakini pesa yake ilitoka Marekani, kama nyingi zingine.

Hapo ndio nataka kufika. Pesa.

Mwaka huo huo wa 2025 Uingereza nayo ilitangaza itapunguza misaada yake mpaka asilimia 0.3 ya pato lao kufika 2027. Ule uchunguzi mkubwa wa afya ya familia, wenye ulituambia 2022 kwamba asilimia 15 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba na kwamba jirani zetu Homa Bay ni asilimia 23, huo pia programu yake ya dunia ilikuwa inalipiwa na USAID na ikasimamishwa. Dawa za kupanga uzazi za dola milioni 9.7, Kenya ikiwa kati ya nchi zilikuwa zipate, zikakwama kwa stoo huko Geel, Ubelgiji, tukaskia zitachomwa. Mimi nikiwa na mama kwa kambi anayetafuta sindano moja. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Unaweza kusema basi pesa za tabianchi ziko, si kila siku viongozi wanaenda mikutano. Ziko, lakini haziji huku. Shirika la Afya Duniani lilisema kwa pesa zote za tabianchi zinazopitia mifuko ya kimataifa, miradi ya afya hupata asilimia 0.5 tu. Nusu ya moja! Na hiyo ni afya yote, malaria, kipindupindu, hewa. Uzazi utapata nini hapo. UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, walikagua mipango ya tabianchi ya nchi 119, ni 38 tu zilitaja mambo ya uzazi, kupanga uzazi au afya ya mama, na 15 ndizo zilitaja dhuluma dhidi ya wanawake. Kama haumo kwa mpango, utaingia aje kwa bajeti?

Nilijaribu mwenyewe. Mnajua sai kuna kamati za mabadiliko ya tabianchi kwa kila wadi, zile za mpango wa FLLoCA, wananchi wanakaa wanasema wanataka nini. Ni mpango mzuri, sijui nchi ngapi zinauliza mwananchi wa chini hivyo. Nikaenda. Watu wakaomba visima, gabioni, miche ya miti, daraja la miguu. Mimi nikainua mkono nikaomba chumba cha kujifungulia kwa sehemu iliyoinuka, na pesa kidogo ya kuandika wamama wote wajawazito kabla ya mvua na kuwafuata baada ya mvua ili tujue nini kiliwapata. Kukawa kimya. Halafu nikaambiwa kwa heshima kabisa, mama hiyo ni mambo ya afya, peleka ofisi ya afya. Nikapanda matatu nikaenda ofisi ya afya. Nikaambiwa, na hapo pia kwa heshima, mama hiyo ni tabianchi, huko ndio kuna pesa. Nilirudi nyumbani nimechoka na nauli imeisha. Hakuna aliyenikosea, kila mmoja alikuwa anasoma karatasi yake. Lakini mwanamke mwenye mimba ndani ya mafuriko amesimama katikati ya hizo karatasi mbili, na hakuna yenye imeandika jina lake.

Watafiti pia wanaumia hapo hapo. Nimeona wakubwa wetu wakiandika maombi ya pesa. Mfuko wa tabianchi unauliza utapunguza hewa chafu kiasi gani, mfuko wa uzazi unauliza utafikia wanawake wangapi mwaka huu. Na wote wanataka jibu kwa miaka miwili. Mafuriko hayaji kwa kalenda ya mtu. Unaweza kupata pesa mwaka wenye ni kiangazi, ukamaliza kuandika ripoti, ndio mto unafurika. Utafiti wa mambo haya unataka miaka mitano, kumi, familia zile zile. Na haihitaji kuwa mkubwa. Kule Siaya KEMRI na wenzao wa Marekani walianza tangu 2001 kufuata nyumba za Asembo na kwingine, nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama, na mambo mengi tunayojua juu ya malaria na watoto yametoka kwa uvumilivu huo wa kurudi kwa mlango ule ule.

Kwa hivyo ombi langu, mhariri, na naomba ulichapishe bila kukata kama nafasi iko. Tuache kungoja mtu wa nje atulipie kujijua. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilisema Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti upate asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Imeandikwa, iko, bunge lilipitisha. Hatujawahi kuifikia. Mimi si mtu wa uchumi, najua nchi ina madeni, najua madaktari wanadai na walimu wanadai. Lakini hata kama leo tunaweza robo ya hiyo, basi hiyo robo iwe na fungu limeandikwa wazi afya ya uzazi na tabianchi, lisichanganywe na kitu kingine, lisitolewe katikati. Wabunge wetu wa huku, wa ziwa na wa Nakuru na Busia kule Budalang'i wenye wanajua Nzoia ikivunja kingo inakuwaje, hili wangeshika pamoja bila kuangalia chama.

Na kaunti. Hakuna haja ya kuanza moja. Sisi wahudumu tuko, simu tuko nazo, nyumba tunazijua kwa majina. Kila nyumba tunajua nani ana mimba na nani anapanga uzazi. Liongezwe swali moja tu kila msimu, mmehama kwa sababu ya maji au ukame, na lini. Ukiweka hilo kando ya tarehe ya kliniki, mtu wa takwimu anaweza kuona kila kitu. Vyuo viko, Maseno hapa, Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo, Masinde Muliro Kakamega, Egerton pale Njoro, wamejaa vijana wenye wanatafuta kitu cha kuandikia digrii ya pili. Wape pesa kidogo wakae nasi msimu mzima. Na hizo karatasi za kuhesabu hasara baada ya maji, zile za ng'ombe na ekari, ziongezwe mistari: wajawazito wangapi, waliojifungulia kambini wangapi, waliokosa dawa wangapi, waliodhulumiwa wakapata matibabu wangapi. Mistari minne. Hiyo hata pesa haihitaji nyingi, inahitaji mtu wa kuamua.

Lakini kwa uangalifu, tafadhali. Orodha ya wanawake wenye HIV kwa kambi ikianguka kwa mkono mbaya ni balaa, kwa hivyo majina yasitembee ovyo, wenye kuuliza wafundishwe kunyamaza. Na matokeo yarudi. Yarudi kwa Dholuo, kwa Kiswahili, kwa Kiluhya, kwa baraza, chini ya mti, mwenye alitoa siri yake asikie ilisaidia nini. Mkubwa yeyote akileta utafiti huku kwanza aulizwe, ukikatwa pesa kesho, hawa wamama utawaambia nini na nani atabaki na data yao? Kama hana jibu, angoje kidogo mpaka apate.

Najua kuna watakaosema watu wanalala njaa na huyu mama anaongea utafiti. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia hivyo, na namheshimu, yeye ndiye alifungua kanisa wenzetu wengine wakalala 2024. Nikamuuliza, mzee, wale wasichana watatu wa shule wenye walipata mimba tulipokuwa kambini, ulijua? Hakujua. Na alikuwa hapo kila siku akitugawia maharagwe. Alikaa kimya kitambo, halafu akaniuliza, tungefanya nini? Nikamwambia hilo ndilo swali lenyewe mzee, sijui kama ni taa, sijui kama ni wasichana kulala na mama zao upande wao, sijui kama ni chakula kilikuwa kidogo wakatafuta kwingine. Tukiuliza vizuri tutajua, na mvua ikirudi tutaweka pesa pale panafaa. Tangu siku hiyo yeye ndiye ananikumbusha.

Tableti nilirudisha. Nilinunua daftari la kurasa 200 pale Ahero na naandika kwa mkono, kwa alama zangu bila majina, nani amekosa tarehe, nani amehama, nani amejifungua wapi. Najua daftari langu si sayansi, hakuna mtu amelikagua. Lakini sijaacha. Mvua ndefu ikianza mtatuma tena mwandishi na mpiga picha, na mnakaribishwa. Akimaliza na chifu amwambie anionyeshe nyumba yangu, chai itakuwepo, na daftari nimeliweka juu kabisa karibu na mabati, pale maji ya 2024 hayakufika.

Mhudumu wa afya mashinani,
Kano, Kisumu.